Boti Kuukuu ya Alumini kwa Maji Mafupi Yenye Magugu: Namna ya Kuiandaa kwa Bwawa la Nyumba ya Mungu na Ziwa Jipe

Maswali ni yale yale. Mtu wa Moshi kapata boti ya alumini iliyochoka, imelala nyuma ya gereji huko Majengo au Pasua, imejaa majani na maji ya mvua, bei nzuri. Anauliza: niichomelee? Nipake lami? Niweke mashine gani ipite kwenye matete? Majibu yote nimeyaweka hapa, uyasome kabla hujamwita fundi.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: kwenye maji mafupi anayeshinda ni mwenye boti nyepesi na tumbo safi. Mashine inakuja nyuma kabisa. Hesabu yake ni fupi. Boti bapa ya futi 13, ukitoa pale inapochongoka mbele, inakalia maji kama mita 4 za mraba. Kwa hiyo kila kilo 40 unazoongeza zinaizamisha sentimita 1. Boti kilo 70, watu wawili 140, mashine 30, nyavu na mizigo 40: jumla kilo 280, sawa na sentimita 7 za kina. Ukijenga jukwaa la mbao nzito na kuweka betri mbili, umefika sentimita 10 na tumbo linaburuza majani. Kila ukishika kitu na kutaka kukifunga botini, kipime kwanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Drili na biti za milimita 3 hadi 6, grenda, tupa, nyundo mbili (moja iwe nzito), bisibisi kubwa, sumaku ndogo
- Brashi ya waya wa stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida
- Bati la alumini la milimita 2 na angali (pau yenye umbo la L) ya alumini ya milimita 38
- Ribiti ngumu za alumini, na ribiti za bunduki zilizozibwa mwishoni
- Gundi ya kuzibia ya poliyurethani. Silikoni ya vioo vya madirisha haifai: ikikaa majini inabanduka, na ikishagusa bati, rangi haishiki tena hapo
- Bolti, nati na washa za stenlesi, pamoja na washa za plastiki
- Praima ya alumini, rangi, msasa namba 80 na 180
- Plaiwudi ya maji ya milimita 9 au 12, na epoksi
- Madumu 5 ya lita 20 yenye vifuniko vizima
- Mpira wa kumwagilia bustani, kama mita 10
- Jaketi la kuokolea kwa kila atakayepanda. Hili usiliweke mwisho wa orodha ya manunuzi kama nilivyoliweka mimi hapa

Stenlesi utaipata kwenye maduka ya vipuri na ya vifaa vya ujenzi mjini, ila nenda na sumaku yako. Bolti nyingi zinazong'aa ni chuma kilichopakwa tu. Sumaku iking'ang'ania kwa nguvu, rudisha.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kulipa

Chukua bisibisi, chokoa ubao wa nyuma, ule unaobeba mashine. Ikizama kama kwenye ndizi iliyoiva, ubao umeoza na utabadilishwa. Hilo lisikutishe, ni kazi ya siku moja, ila lipunguze bei.

Kisha angalia ndani, chini ya mabenchi. Unga mweupe kama chokaa maana yake alumini inaliwa. Ukwaruze: chini yake bati likiwa zima, hamna shida, likiwa na vitundu vya kupitisha mwanga, hesabu kiraka. Piga mabenchi kwa ngumi. Ya kale mengi yana povu ndani, na povu likinywa maji linazidi uzito bila wewe kujua. Benchi likitoa sauti nzito kama ya tope, povu hilo litatoka.

Mwisho, nyanyua upande mmoja. Boti tupu ya futi 12 hadi 14 watu wawili wazima wanaibeba. Ikiwashinda, kuna maji yamejificha.

Hatua ya 2: Vua kila kitu, isipokuwa mabenchi

Ng'oa sakafu ya zamani, zulia, waya, vishikio vilivyovunjika, povu lililolowa. Zulia hasa litupe. Linashika maji na tope siku nzima na kuyabandika kwenye bati, na uozo unaanzia hapo.

Onyo: usikate benchi la katikati ili upate nafasi. Ni kosa la kwanza kwa kila anayeanza. Lile benchi ndilo linaloshika mbavu zisifunguke. Ukilitoa, boti inanyumbuka kila inapopanda wimbi dogo, na ribiti zinalegea moja baada ya nyingine. Kama lazima litoke, weka badala yake fremu ya angali inayounganisha mbavu zote mbili na sakafu, ndipo ukate.

Hatua ya 3: Tafuta mavujo

Usitafute mavujo ziwani. Iweke boti juu ya matairi chakavu, manne au matano, yakikaa chini ya mataruma, yaani zile pau zinazokatiza tumbo kwa ndani. Jaza maji kina cha sentimita 10, usizidishe, kwa sababu hapo tayari umebebesha boti kama kilo 400. Ingia chini na kalamu ya nta. Futa tumbo kwa kitambaa likauke, kisha subiri.

Utaona tone linajikusanya pembeni ya kichwa cha ribiti, linanenepa taratibu, linadondoka. Zungushia duara. Tone likitoka kwenye mstari wa kuungia mabati mawili, weka alama mwanzo na mwisho wa mstari unaolowa. Usiharakishe. Mavujo mengine yanachukua nusu saa kujitokeza.

Hatua ya 4: Ziba

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo tukae kidogo.

*Ribiti iliyolegea.* Nyingi zinahitaji kugongwa upya tu. Mtu mmoja anabana nyundo nzito kwenye kichwa cha nje, mwingine yuko ndani anagonga mkia wa ribiti kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi matatu manne. Sauti inabadilika ikishika, inakuwa kavu. Acha hapo. Ukizidisha, bati linaloizunguka linapinda na umeongeza tundu.

*Ribiti iliyokatika.* Itoboe, safisha tundu, paka gundi, weka ribiti ngumu mpya. Kama mkono haufiki ndani, tumia ya bunduki iliyozibwa mwishoni. Ribiti za bunduki za kawaida, zile za kutengenezea masufuria na milango, zina tundu katikati na maji yatapita humo humo. Halafu kipande cha chuma kinachobaki ndani kinaota kutu na kula alumini.

*Ufa.* Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa, la sivyo utaendelea kutambaa chini ya kiraka. Kata kiraka cha bati la milimita 2 kinachopita ufa sentimita 4 kila upande, pembe zake uzizungushe. Sugua pande zote mbili, paka gundi tele, piga ribiti kila baada ya sentimita 2. Mimi napendelea kiraka kikae ndani ya boti panapofikika, ili tumbo libaki laini. Kikikaa nje, piga tupa hadi kingo zake ziteremke, majani yasipate pa kushika.

*Kuchomelea.* Inawezekana, lakini si kwa kila fundi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, na haiwi nyekundu kukuonya kama chuma. Inakaa ile ile, kisha ghafla inadondoka na umebaki na shimo. Juu yake kuna utando wa oksidi unaoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000, ndiyo maana lazima usuguliwe kwanza. Fundi anayefaa ana mashine ya gesi ya agoni. Muulize, na umwone akichomelea kipande cha jaribio. Mwenye vijiti vya kuchomelea mageti mshukuru na uende zako. Na kamwe usichomelee karibu na povu au tangi la petroli.

*Lami.* Hapana. Lami inaficha vujo, haizibi. Jua la tambarare likiipiga inalegea, na siku ukitaka kutengeneza kweli, hakuna gundi itakayoshika mpaka uikwangue yote. Pamba na mafuta ya kalafati ni kwa mbao zinazovimba. Bati halivimbi.

Ukimaliza, rudia jaribio la maji. Mpaka pawe pakavu.

Hatua ya 5: Safisha tumbo

Pindua boti. Chochote kinachochomoza chini na hakina kazi kiondoke: vishikio vya vipimo vya kina, bolti ndefu, vipande vya bati vilivyojikunja. Ziba matundu yake. Mkuku (uti wa katikati chini ya boti) na mistari iliyobonyezwa kwenye bati viache, ndivyo vinavyoifanya boti iende mbele badala ya kuteleza kando.

Sugua kwa msasa 80, kisha 180, osha, kausha, paka praima ya alumini siku hiyo hiyo kabla utando haujarudi, kisha rangi mikono miwili. Usipake rangi ya boti yenye shaba. Shaba na alumini zikikutana majini, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa sababu hiyo hiyo usiache sarafu, nyaya za shaba au vizito vya risasi vya kuvulia vikizagaa chini ya sakafu.

Ndani paka rangi isiyokolea. Saa saba mchana pale Lang'ata, kando ya Nyumba ya Mungu, bati tupu halikaliki.

Hatua ya 6: Sakafu na jukwaa

Sakafu iwe plaiwudi ya milimita 9 juu ya mataruma, vipande vitatu vinavyonyanyuka, si kimoja kilichogandishwa. Utataka kuona chini kila wiki. Paka epoksi pande zote na hasa kwenye kingo zilizokatwa, maana maji huingilia huko. Mkono wa mwisho wa rangi ukiwa mbichi, nyunyiza mchanga laini uliochekechwa, miguu isiteleze.

Jukwaa la mbele la kusimamia lisipite usawa wa benchi. Watu wanapenda jukwaa la juu waone samaki, wakisimama wawili upande mmoja wanaona tope. Fremu ifungwe kwa angali ya alumini na bolti za stenlesi, kila bolti na washa ya plastiki na gundi katikati ya metali mbili. Usifunge mbao zilizotiwa dawa ya mchwa moja kwa moja kwenye bati. Nyingi zina shaba ndani.

Juu ya sakafu tandika vipande vya mpira mahali pa kuwekea nanga na ndoo. Bati linapiga kelele kama debe, na perege waliolala kwenye majani mafupi wanasikia kabla hujafika.

Hatua ya 7: Iwezeshe kuelea hata ikijaa maji

Mtumbwi wa mti ukipinduka unaelea. Boti ya alumini inakwenda chini. Usiingie majini kabla ya hatua hii.

Madumu 5 ya lita 20 yaliyofungwa vizuri yanabeba karibu kilo 100. Bati la kilo 70 likiwa chini ya maji linabaki na uzito wa kilo 44 hivi, ongeza mashine, na bado una akiba ya watu kushikilia. Yafunge kwa mikanda chini ya mabenchi, pembeni na juu kadiri inavyowezekana. Ukiyaweka katikati sakafuni, boti itaelea kichwa chini.

Povu la godoro usijazie. Linanyonya maji. Lile povu jeupe la kwenye maboksi ya televisheni linaelea vizuri, lakini petroli ikimwagika linayeyuka.

Hatua ya 8: Kingo zisinase nyavu

Kazi ndogo, faida yake kubwa. Pitisha kiganja ukingoni mwa boti nzima, taratibu, ukiwa umevaa soksi mkononi. Kila soksi inaponasa, wavu utanasa. Kichwa cha bolti, mkia wa ribiti, pembe ya bati: piga tupa au funika kwa nati za kofia.

Kisha pasua mpira wa bustani kwa urefu na uuvishe ukingo wote, ukiushika na gundi na kamba nyembamba kila baada ya nusu mita. Wavu unateleza, ndoano haziparuzi bati, na kasia haligongi. Vishikio vya kamba vihamishie upande wa ndani.

Hatua ya 9: Upondo kwanza, mashine baadaye

Jipe ni ziwa fupi, sehemu yake kubwa haifiki mita 3, na kingo zimejaa matete na mafunjo. Nyumba ya Mungu inapanda na kushuka kwa jinsi mito ya Kikuletwa na Ruvu inavyoleta maji na kituo cha umeme kinavyoyatumia, kwa hiyo njia uliyopita baada ya masika inaweza kuwa tope kabla ya vuli. Kwa maji ya namna hii upondo, mti mrefu wa kusukumia boti, ndio chombo chako. Mita 4, mwanzi mkavu au mti mwepesi ulionyooka, na mwisho wake ufunge panda ya mti mgumu. Bila panda upondo unazama kwenye tope na ukiuvuta unakurudisha ulikotoka.

Tengeneza pia mti wa kuchomeka wa mita 3 na pete mbili nyuma ya boti za kuupitishia. Ukifika mahali pa kutega, unauchomeka na boti imetulia. Nanga inaburuza majani na kuchafua maji.

Mashine: kama ni ya kawaida ya nyuma, yenye mguu mfupi, ubao wa nyuma uwe sentimita 38 kutoka tumbo. Kwenye majani unaweza kuipandisha sentimita 2 au 3 kwa kipande cha ubao, mradi kijito cha maji ya kupoezea kinaendelea kutoka. Propela yenye mapanga yaliyolala nyuma inateleza kwenye majani kuliko ile ya mapanga mapana. Beba pini za propela za akiba na koleo.

Chaguo lingine ni injini ya pampu ya maji yenye mhimili mrefu, kama zinavyotumika sana Asia. Inapozwa kwa hewa, haina tundu la maji la kuziba, na propela unainyanyua kwa mkono. Ukimpata fundi wa kuifunga, mdai kinga ya propela na swichi ya kuzima inayofungwa kwenye mkono wako.

Ukitumia mashine ya umeme, weka fyuzi karibu na betri na usiunganishe waya wowote na bati la boti. Umeme unaovuja unakula alumini.

Hatua ya 10: Jaribu karibu na ukingo

Ipeleke kwa pikapu, ishushe, panda na mizigo yote. Pima kina kwa rula kutoka mstari wa maji hadi tumbo, mbele na nyuma. Nyuma ikizidi kwa zaidi ya sentimita 4, sogeza betri na tangi mbele. Simameni wote upande mmoja mkiwa kwenye maji ya magoti. Boti ikilala sana, punguza jukwaa.

Kabla ya yote hayo, pita kwa afisa uvuvi wa wilaya. Leseni ya mvuvi na ya chombo zinahitajika, Nyumba ya Mungu hufungwa kwa vipindi ili samaki wazaliane, na kokoro (wavu wa kukokota) na nyavu za timba (za uzi mmoja wa plastiki) ni marufuku.

Jingine: uwazi mzuri katikati ya matete mara nyingi ni njia ya kiboko. Usitege humo wala usifunge boti humo, hasa jioni. Na mkono usining'inie nje ya boti, kuna mamba.

Shida zinazojitokeza na dawa zake

*Majani yanajizungusha kwenye propela.* Zima kabisa, nyanyua, kata kwa kisu kirefu. Kurudi nyuma kwa nguvu kunafungua mara moja moja, mara nyingi kunakaza. Yakizidi, ingia kwa upondo na uwashe ukitoka.

*Kijito cha kupoezea kimekatika.* Zima mara moja. Futa majani kwenye tundu la maji, pitisha waya laini kwenye kitundu cha kutokea. Kisiporudi, rudi kwa kasia, mashine isiungue.

*Mashine inavuma lakini boti haiendi.* Pini ya propela imekatika, pengine umegonga kisiki. Au umeipandisha mno na propela inavuta hewa.

*Boti inavuja ikibeba watu tu.* Mataruma yananyumbuka. Tafuta ribiti zilizolegea karibu na benchi la katikati, na uangalie kama kuna aliyelikata kabla yako.

*Inapinda upande mmoja ukisukuma kwa upondo.* Unasukuma mbali na ubavu. Upondo upite karibu kabisa na bati, miguu ikiwa katikati. Ikiendelea, kagua mkuku kama umepinda.

*Rangi inabanduka vipande vipande.* Praima haikushika: palikuwa na silikoni, mafuta, au ulisugua leo ukapaka kesho. Kwangua sehemu hiyo hadi bati na uanze upya hapo tu.

*Vitundu vidogo vinatokea kuzunguka bolti.* Umetumia chuma cha kawaida, au washa ya plastiki imeachwa. Toa bolti, panua tundu hadi bati zima, weka kiraka kidogo, funga stenlesi na gundi.

*Maji sakafuni, na jaribio la matairi lilikuwa kavu.* Kagua kizibo cha nyuma cha kutolea maji kabla hujalaumu ribiti. Mpira wake ukikauka unapasuka, na wa akiba unakaa mfukoni.